Nafasi ya Uzamifu Hainunuliwi

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hii niliielewa vizuri mwaka jana binamu yangu alipotapeliwa. Yeye ana shahada ya uzamili ya Kiswahili na hamu yake ni kusomea uzamifu kule Ujerumani. Akatokea bwana mmoja mwenye suti na maneno matamu, akasema ati nafasi ipo, ila atoe pesa ya kuishikilia. Shangazi akauza ng'ombe wa maziwa. Mpaka leo nafasi hatujaiona, na chai tunakunywa ya rangi.

Basi niliwauliza walimu na kusoma juu ya jambo hili, ili nanyi wenzangu msije mkaliwa.

Kwanza, tuelewe uzamifu ni nini. Si darasa la kuketi na kunakili noti kama sisi wa kidato cha tatu. Ni utafiti wako mwenyewe, ambao mwisho wake ni kitabu kiitwacho tasnifu. Ujerumani kazi hiyo huchukua miaka 3 hadi 5 hivi.

Pili, njia kubwa ni tatu:

(a) Kutafuta profesa anayechunguza mambo kama yako. Unamwandikia barua fupi pamoja na wasifu wako na pendekezo la utafiti. Usiwatumie maprofesa 50 barua ile ile, watajua tu! Akikubali kukusimamia, ndipo unapoomba kusajiliwa chuoni.

(b) Kujiunga na mpango maalum, kama ule wa masomo ya Afrika ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Bayreuth mwaka wa 2007. Mipango ya aina hii hutangaza tarehe ya mwisho ya kupokea maombi.

(c) Kuomba kazi. Chuo hutangaza nafasi ya mtafiti, na anayechaguliwa hupewa mkataba na mshahara huku akiandika tasnifu yake. Mara nyingi mshahara huo si wa kazi nzima, bali nusu yake au zaidi kidogo.

Je, pesa? Vyuo vingi vya umma huko havitozi karo ya uzamifu, ila kuna mchango mdogo wa kila muhula. Shirika la DAAD, lililoundwa mwaka wa 1925, hutoa ufadhili na lina ofisi Nairobi. Umoja wa Ulaya nao una EURAXESS, ukurasa wa intaneti unaotangaza kazi za utafiti. Kusoma matangazo hayo ni bure.

Wako wanaotucheka sisi wa chama cha Kiswahili, ati lugha hii haimfikishi mtu popote. Kumbe Berlin walianza kuifundisha mwaka wa 1887! Leo inafundishwa Bayreuth, Leipzig na Hamburg.

Binamu yangu ameanza upya. Aliandika pendekezo lake, akamtumia profesa mmoja tu. Jibu lilikuja: swali lako ni pana mno, lipunguze kisha uniandikie tena. Hakuambiwa ndiyo, lakini hakuombwa hata senti moja. Sasa kila jioni yumo mezani na kalamu, analipunguza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.