Dawa za sonona: Je, ni kilevi?

Huenda nyumbani kwako yupo aliyeandikiwa dawa za sonona hospitali, akazimeza siku tano, kisha akaziacha. Sababu zake huwa mbili: “Hazinisaidii,” na “Ni za kulevya.” Tuzitazame.

Chembe za fahamu ubongoni hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, inayomtia mtu hamu ya kuamka, kutafuta riziki na kucheza na wanawe. Mgonjwa wa sonona mara nyingi huipoteza hamu hiyo. Huo si uvivu, wala si upungufu wa imani.

Kokeini hufurisha dopamini kwa ghafla. Mtumiaji hupata raha ya muda mfupi, kisha huitafuta tena na tena. Dawa za sonona hazifanyi hivyo. Fluoksetini huongeza nguvu ya kemikali nyingine, serotonini. Dopamini huguswa kwa kupitia huko tu. Amitriptilini hugusa serotonini na noradrenalini. Bupropioni huigusa dopamini yenyewe, lakini polepole. Amitriptilini huleta usingizi, ndiyo maana kwa kawaida humezwa usiku. Usingizi huo si ulevi.

Je, kwa nini hazisaidii siku ya tano? Kemikali hubadilika mapema, lakini ubongo huhitaji muda kuyazoea mabadiliko. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Kichefuchefu au kukauka kinywa, kwa upande wake, huja mwanzoni. Kwa hiyo anayeacha mapema hupata tabu ya dawa bila ya kuonja faida yake.

Zingatia haya:

1. Usiache ghafla. Unaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi, na sonona ikarudi. Hata ukipona, daktari hukuendeleza miezi kadhaa, kisha hupunguza kidogo kidogo.

2. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari namna ya kupanga dozi baina ya futari na daku.

3. Wiki za mwanzo mwangalieni mgonjwa kwa karibu, hasa kijana. Akitaja kujiua, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali mara moja.

4. Fungia dawa mbali na watoto. Amitriptilini ikizidi huweza kuua.

Ndugu msomaji, kumwombea mgonjwa dua ni jambo jema. Mwombee, na umkumbushe kidonge chake cha leo.

Wabillahi tawfiq.