Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Blogu katika Enzi ya Mitandao ya Kijamii

Utangulizi

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yawafaa waandishi wachache wanaoendelea kuandika katika blogu ilhali wenzao wengi wamehamia Facebook, X na TikTok. Wapo wanaowaona kuwa watu waliopitwa na wakati. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uaminifu wao si ukaidi wala mapenzi ya ukale, bali ni msimamo kuhusu nani anayepaswa kuitunza kumbukumbu ya jamii. Mifano imetolewa Tanzania na Eldoret.

Chimbuko la blogu ya Kiswahili

Blogu ni ukurasa wa intaneti ambamo mwandishi huweka maandishi yake yakiwa na tarehe, yale ya karibuni yakitangulia. Huduma ya Blogger ilianzishwa Agosti 1999 na kampuni ndogo ya Marekani, Pyra Labs, kisha ikanunuliwa na Google Februari 2003. WordPress ilifuata Mei mwaka huo huo. Kwa huduma hizi, mtu asiyejua kuunda programu aliweza kuchapisha maandishi yake bila mhariri na bila gharama ya matbaa.

Kwa upande wa Kiswahili, jina lisiloweza kuachwa ni la Mtanzania Ndesanjo Macha, aliyeanzisha blogu yake, Jikomboe, mwaka 2004. Waandishi wa kizazi hicho walilazimika kuijengea kazi yao msamiati. Neno “blogu” lilipata mashiko, na kando yake likatumika “gazeti tando”. Mwaka 2005 mpiga picha Muhidin Issa Michuzi naye alianza blogu yake katika Blogspot. Wasomaji wake aliwaita “wadau”, na kazi ya kublogu akaiita “libeneke”. Mwanafunzi wa isimujamii atambue jambo hapa: istilahi hizi hazikusubiri kamati. Zilizuka miongoni mwa watumiaji, zikajaribiwa hadharani, na nyingine zikadumu.

Eldoret, Januari 2008

Thamani ya blogu ilidhihirika nchini Kenya wakati wa msiba. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo kujisitiri. Waliokufa ni pamoja na wanawake na watoto. Uvumi ulienea kwa kasi kuliko habari.

Katika hali hiyo, wanablogu waliziba pengo. Ory Okolloh, mwandishi wa blogu ya Kenyan Pundit, alipokea taarifa kutoka kwa wasomaji wake na kuzichapisha. Tarehe 3 Januari alipendekeza iundwe ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Juliana Rotich, mwandishi wa blogu ya Afromusing, alichapisha picha alizozipiga Eldoret na viungani mwake. Wawili hao, pamoja na David Kobia na Erik Hersman, walishiriki kuunda mfumo uliozinduliwa mwezi huo huo na kupewa jina la Kiswahili: Ushahidi.

Jina hilo linabeba hoja ya makala haya. Ushahidi hauna budi kuwa na tarehe, mahali na mtu anayesimama nyuma yake. Blogu ilikuwa na vyote vitatu.

Sababu za uaminifu

Sababu ya kwanza ni mpangilio. Katika blogu, andiko la mwaka 2006 lina anwani yake ya kudumu, nalo hupatikana kwa kufuata mwaka na mwezi. Katika mitandao ya kijamii, kanuni za kompyuta ndizo zinazoamua msomaji aone nini, na andiko la juma lililopita huzama kana kwamba halikuwahi kuandikwa. Mtafiti anayetaka kujua neno fulani lilianza kuenea lini atafaidika zaidi na kumbukumbu zenye mpangilio.

Sababu ya pili ni nafasi. Hadi Novemba 2017, ujumbe wa Twitter haukuruhusiwa kuzidi herufi 140. Baadaye kikomo cha kawaida kikawa 280. Kipimo hicho chatosha kwa kejeli au tangazo. Hakitoshi kwa hoja inayotaka utangulizi, mifano, pingamizi na hitimisho.

Sababu ya tatu ni sauti ya mwandishi. Mwanablogu huchagua mada, urefu na mtindo wake, wala halazimiki kuandika kwa namna itakayoamsha hasira ili asomwe.

Changamoto

Hata hivyo, mbachao nao huchakaa. Wasomaji wengi wamehama, na maoni yaliyokuwa yakirefusha mjadala chini ya makala yamepungua. Google Reader, huduma iliyowasaidia wasomaji kufuatilia blogu nyingi kwa pamoja, ilifungwa Julai 2013. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wawe na leseni, huku ada za kuanzia zikifikia takriban shilingi milioni mbili. Baadhi yao waliacha kuandika.

Aidha, huduma zenyewe hufa. Posterous ilifungwa mwaka 2013 na Typepad Septemba 2025. Mitandao ya kijamii nayo haina kinga: Google+ ilifungwa kwa umma Aprili 2019, ilhali Blogger, kongwe wa kampuni hiyo hiyo, ikabaki. Kwa hiyo umri wa huduma si kipimo cha udhaifu wake, wala ukubwa wa kampuni si dhamana ya kudumu.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba uaminifu wenye maana si kwa kampuni, bali ni kwa maandishi na wasomaji wake. Mwanablogu mwaminifu hana budi kuhifadhi nakala ya kazi yake nje ya huduma anayoitumia, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Mitandao ya kijamii itumike kama mbiu ya kuwaita watu. Mazungumzo yenyewe yawekwe mahali yatakapopatikana kesho.

Wanafunzi wa Kiswahili wa Eldoret wanahusika moja kwa moja. Wengi wao walikuwa wachanga au hawajazaliwa mwaka 2008, na yaliyotokea viungani mwa jiji hili wanayajua kwa kusimuliwa na kwa kusoma. Watakaowafuata nao watategemea yatakayoandikwa sasa, iwapo yatakuwa yamehifadhiwa.