SOMO LA WIKI: Chujio la hewa la koni, lalipa au halilipi Kigoma?

Miongoni mwa vipuri vinavyomvutia mwenye gari ni chujio la hewa la umbo la koni, linalofungwa mahali pa kasha la kiwandani. Muuzaji huahidi mambo mawili: nguvu zaidi na mafuta kidogo. Mfanyabiashara anayepeleka dagaa wa Kibirizi au mawese ya Ujiji hadi Kasulu hana budi kuzipima ahadi hizo kabla hajatoa fedha.

Kwanza nguvu. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta hewa inayokaribia lita 3,000 kila dakika. Hewa hiyo inatakiwa iwe ya baridi, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi. Kasha la kiwandani kwa kawaida huvuta hewa ya nje. Koni iliyo wazi chini ya boneti huvuta joto la injini, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa takriban asilimia 9. Tena Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa ya Kigoma tayari ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 8. Pengo hilo halizibwi na chujio lolote. Linazibwa na tabo, inayoshindilia hewa.

Pili mafuta. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa matokeo ya kupima magari ya kisasa ya petroli yenye chujio safi na yenye chujio lililoziba. Matumizi ya mafuta hayakutofautiana kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta ya injini hupunguza petroli hewa inapopungua. Kilichoshuka ni wepesi wa gari kuchomoka. Gari la zamani la kabureta ndilo hula mafuta chujio likiziba, na dawa yake ni chujio jipya la karatasi.

Tatu vumbi, na hapa ndipo penye hasara. Barabara nyingi za kuingia vijijini bado ni za udongo, na kiangazi vumbi husimama kama ukungu. Vumbi likipenya husaga ringi na silinda. Injini huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na mwisho hufunguliwa. Chujio la pamba hupakwa oili ili linase vumbi. Oili ikipungua vumbi hupita, ikizidi huweza kuchafua sensa ya hewa.

Fanya hesabu hii. Tuseme koni ina bei ya machujio manane ya karatasi, nawe hubadilisha mawili kwa mwaka. Itachukua miaka minne kurudisha fedha yako, bila kuhesabu oili ya kulipaka wala usafiri wa kipuri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Injini ikifunguliwa mara moja, akiba yote imekwenda.

Kuna kifaa kimoja cha kuongeza kinachoweza kulipa: bomba la kupandisha hewa hadi usawa wa paa, kama yale yanayoonekana kwenye Land Cruiser nyingi. Haliongezi nguvu, lakini huvuta hewa juu ya vumbi zito na juu ya maji ya mafuriko. Linamfaa mwenye dizeli wa njia za vijijini, mradi viungo vyote vizibwe. Anayezunguka Mwanga na Ujiji tu halihitaji.

Ushauri wetu: baki na kasha la kiwandani na ununue chujio la karatasi linalokaa sawasawa. Usilioshe kwa petroli wala kulipiga kwenye tairi. Kila unapolikagua, pitisha kidole ndani ya bomba upande wa injini. Kikitoka na vumbi, simamisha gari na utafute panapovuja kabla ya safari nyingine.