Mvua ya Kwanza Ioshe Bati
Kijitabu cha afya kwa familia za Kalemie, kuanzia Septemba

Septemba ikiingia, hakuna anayehitaji kalenda. Watoto wanarudi shule na mashati meupe, vumbi la kiangazi limelala juu ya mabati, na jioni mawingu yanaanza kusimama juu ya vilima vilivyo nyuma ya mji. Baba anapanda juu ya nyumba kugongea misumari iliyolegea. Mama anahamisha gunia la makala kutoka uani kulipeleka mahali pakavu. Bibi anauliza, "Muskitere wa mtoto uko wapi?" Kijitabu hiki kinafuata kazi hizo hizo, kikiongeza kitu kidogo hapa na pale.

Bati, bidoni na ziwa

Mvua ya kwanza ni sikukuu. Watoto wanakimbia nje, sufuria zinapangwa chini ya paa, na mwenye pipa anajiona tajiri. Lakini kumbuka kilichokaa juu ya bati tangu mvua za mwisho: vumbi, majani makavu, mavi ya ndege na ya mijusi. Acha mvua hiyo ioshe bati. Ukiikinga, ifulie nguo au ipigie deki. Bati likishaoshwa, kinga mvua zinazofuata, tena katika chombo chenye mfuniko, na maji ya kunywa yachemshe hata hivyo: yatokote kabisa kwa dakika moja, kisha yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Wapo waliozoea kuanika maji juani katika chupa za plastiki angavu. Wakati wa kiangazi njia hiyo ni nzuri: maji yasiyo na tope yakikaa kwenye jua kali kwa muda wa saa sita, vijidudu hufa. Anga likiwa na mawingu mengi, chupa zinahitaji siku mbili mfululizo. Siku ya mvua ya kutwa, usizitegemee. Washa moto.

Na ziwa? Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Kina hicho hakimsaidii anayechota hatua tatu kutoka ufukweni, pale pale watu wanapooga, wanapofua na mifereji inapomwaga uchafu kila mvua inaponyesha. Kipindupindu hakijawa mgeni hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, vyoo vya ufukweni vilijaa maji, na maji hayo yakarudi ziwani. Bomba likikauka na ukalazimika kuchota ziwani, chota mbali na mfereji na mbali na wanaofua, kisha uyatibu maji kabla ya kuyanywa. Maji kuonekana maangavu si ushahidi wa usafi.

Nani anammiminia mmiminaji?

Katika nyumba zetu nyingi, kabla ya bugali, mtoto huzunguka na jagi na beseni. Anaanza kwa babu au mgeni, anainama kidogo, anamimina. Mikono inasuguana, maji yanaanguka kwenye beseni, anahamia kwa mwingine. Desturi hii ni adabu na ni afya kwa pamoja, kwa sababu kila mtu ananawa kwa maji yake, yanayotiririka.

Inaharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni siku ya wageni wengi au ya maji machache: beseni moja linawekwa katikati, na wote wanachovya mikono humo. Wa kwanza ananawa kwa maji. Wa mwisho ananawa kwa mikono ya wenzake. Maji yakiwa machache, mimina kidogo, lakini mimina. Kikombe kimoja kinaweza kutosha mtu.

Ya pili ni sabuni. Tuseme ukweli: mara nyingi sabuni inaletwa baada ya kula, ili kuondoa harufu ya ndagala. Harufu ya ndagala haijaua mtu. Sabuni ije pamoja na jagi, kabla ya tonge la kwanza. Ikikosekana, tumia jivu safi la jikoni.

Ya tatu ndiyo isiyotajwa. Yule mtoto mwenye jagi akimaliza, anaweka beseni chini na kukimbilia sahani. Ameshika beseni la maji machafu ya watu wote, na yeye mwenyewe hakunawa. Mama, baba, yaya: chukua jagi, ummiminie. Hakuna heshima inayopungua kwa mkubwa kummiminia mtoto maji.

Naweni hivyo pia kila mtu anapotoka chooni, na kabla ya kupika au kumlisha mtoto. Bidoni ndogo ya lita tano iliyotobolewa tundu moja na kutundikwa karibu na choo inatosha. Embe zikianza kuiva, zioshwe kwa maji yaliyotibiwa kabla hazijang'atwa. Tunajua watoto hawasubiri. Basi zioshe zikifika tu nyumbani.

Mbabula na muskitere

Mvua ikitufukuza uani, mbabula hufuata ndani. Pikia barazani au penye mlango na dirisha wazi. Usilale kamwe na mbabula chumbani, hata makala yakionekana yamekufa: hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na humkuta mtu usingizini.

Muskitere ufue polepole kwa sabuni ya kawaida, uuanike kivulini, maana jua huharibu dawa yake. Kuufua mara nne kwa mwaka inatosha. Alale ndani yake mtoto mdogo na mama mjamzito kwanza, kama hautoshi kwa wote. Usiugeuze wavu wa kuvulia ndagala: wa kuvulia ununuliwe sokoni.

Tumbo likianza

Kuhara maji yanayofanana na maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu, na kinaweza kuua kwa saa chache. Anza kumnywesha mgonjwa hapo hapo. Kama huna pakiti ya ORS, changanya lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha mpe tena kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mpeleke kituo cha afya huku akiendelea kunywa njiani, hata kama usiku umeingia. Aliyemhudumia anawe kwa sabuni.

Tundika kijitabu hiki kwa kamba karibu na bidoni ya kunawia, na mtoto anayejua kusoma awasomee wengine jioni moja kabla mvua hazijaanza.