Kadi za Kabla ya Chai: Ninavyoshika Maneno ya Kifaransa

Funga daftari kwanza. Ndilo jibu langu kwa kila mwongoza watalii anayeniuliza nawezaje kushika majina ya wanyama kwa Kifaransa. Mgeni akinyoosha kidole kwa mbuni kule Tarangire, hakuna nafasi ya kupekua kurasa. Ama une autruche inakuja, ama haiji. Tena mbuni ni wa kike, kama twiga na fisi, ilhali nyumbu na kiboko ni wa kiume. Hayo hayakisiki; ni ya kukaa kichwani.

Kusoma orodha tena na tena kunadanganya: jicho likishauzoea ukurasa, tunadhani tunajua. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Wanafunzi walipewa habari fupi. Wengine wakazisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuzitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwangu hilo lilitosha. Kujiuliza ndiko kujifunza kwenyewe, wala si mtihani wa kuja baadaye.

Kwa hiyo nakata manila vipande vidogo. Upande mmoja naandika Kiswahili, upande wa pili Kifaransa, na sikosi kutanguliza un au une, kwa sababu jinsia ikiachwa nyuma haifuati tena. Natamka jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Kutamka ni muhimu: jibu la moyoni ni rahisi kulipindisha ukishaliona lile sahihi.

Boksi la viatu nimeligawa vyumba vitatu, kwa mtindo ambao Sebastian Leitner aliueleza nchini Ujerumani mwaka 1972. Cha kwanza nakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku chache, cha tatu mara moja kwa wiki. Kadi niliyoipata inasogea mbele. Niliyoikosa inarudi cha kwanza. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, halafu kasi hupungua. Ndiyo maana neno jipya nalirudia upesi, na la zamani naliacha lipumue.

Kigumu zaidi ni kudumu. Hapa nimesaidiwa na Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliyeonyesha kwamba nia inatimizwa zaidi ikifungwa kwenye tukio maalumu. Yangu ni hii: nikishabandika chai asubuhi, nachukua kadi, chai ikiiva, naziweka chini. Sikuchagua saa, kwa sababu safari huvuruga saa. Chai ipo nyumbani, ipo na kambini.

Na tafadhali, usimwamini anayekuahidi mazoea ndani ya siku 21. Ahadi hiyo inawakatisha tamaa watu wenye bidii, maana wiki ya nne ikifika bila wepesi walioahidiwa, wanajiona wao ndio wenye kasoro. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Mtu wa katikati alihitaji siku 66. Kwa makadirio yao, tofauti ilianzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Ukianza, anza na kadi kumi, zote za vitu utakavyokutana navyo wiki hii. Ukirudi kutoka safari ndefu ukakuta zimelundikana, usijaribu kulipa deni lote asubuhi moja. Pitia chumba cha kwanza tu mpaka chai iive. Vingine vingoje kesho yake.