Kuhama X kwenda Mastodon bila kuwapoteza watu wako

Elon Musk alipoinunua Twitter, ambayo sasa ni X, Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, wengi walikimbilia mtandao wa kijamii wa Mastodon kwa hasira, wakakuta hawamjui mtu huko, wakarudi walikotoka. Walihama wao, watu wao wakabaki nyuma. Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti mpya, shughulikia kwanza ile ya zamani.

Ingia kwenye mipangilio ya X uombe nakala ya data zako zote. Huchukua siku moja au zaidi kuandaliwa. Ukiarifiwa iko tayari, ipakue na uihifadhi kwenye kompyuta, kwani faili huwa kubwa. Usiipuuze hatua hii. Machapisho yako ya X hayatahamia Mastodon, na kuna picha za harusi na za misiba ambazo huenda huna tena mahali pengine popote.

Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko nchini Ujerumani. Ni programu huria: yeyote mwenye ujuzi wa kutosha anaweza kuiendesha kwenye seva yake mwenyewe, na seva hizo huwasiliana kwa kanuni za ActivityPub, zilizopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2018. Mwenye laini ya Airtel humpigia wa Vodacom bila tatizo, na hapa pia ni hivyo hivyo. Ndiyo maana anwani ina sehemu mbili, jina lako na seva yako: @jinalako@mastodon.social.

Swali linalowakwamisha watu ni seva ipi wachague. Usichague kwa uzuri wa jina. Kila seva ina ukurasa wa kujieleza. Usome ujue nani anaiendesha, gharama zinalipwa na nani, na sheria zake ni zipi. Isiyotaja msimamizi wake, achana nayo. Msimamizi ana mamlaka makubwa juu yako: anaweza kukufungia akaunti, na anaweza kuusoma hata ujumbe unaomwandikia mtu mmoja tu, kwa sababu haujasimbwa. Mambo ya siri yapeleke kwenye programu ya ujumbe ya Signal.

Seva nayo inaweza kufungwa. Mwaka 2023 msimamizi wa mastodon.lol alitangaza kuifunga, akawapa watumiaji muda wa kuondoka. Lakini hapo ndipo utaona tofauti na mitandao ya makampuni, kwa sababu mlango wa kutokea upo. Unafungua akaunti kwenye seva nyingine, unaitambulisha ile ya zamani ndani ya mipangilio ya hii mpya, kisha unarudi kwenye ya zamani na kuagiza uhamisho. Wafuasi wako wanahamishwa wenyewe. Unaowafuata wewe unawapakua kama faili la orodha na kuliingiza upande wa pili. Machapisho hubaki kule kule, na seva ikifungwa nayo hupotea, hivyo chukua nakala mapema.

Ukishajiunga, weka picha na maelezo yako kabla hujamfuata mtu. Akaunti tupu hudhaniwa ya matapeli. Kisha jitambulishe kwa chapisho moja, ukitumia #introduction na hashtagi za mambo unayoyapenda. Ukurasa wako wa nyumbani huonyesha unaowafuata tu, kwa mpangilio wa muda, kwa hiyo usipofuata mtu, ukurasa huo utakuwa mtupu. Fuata pia hashtagi zenyewe, #Kiswahili kwa mfano. Ukiweka picha, andika maelezo yake kwa ajili ya wasioona. Huko ni desturi inayoheshimiwa sana, na ningependa tuizoee kila mahali.

Akaunti ya X usiifute kwa pupa. Ukiizima, hufutwa baada ya siku 30. Badala yake andika anwani yako mpya kwenye wasifu, na uibandike juu kama chapisho la kwanza. Fanya hivyo ungali na ruhusa: Desemba 2022 Twitter ilitangaza marufuku ya kutangaza anwani za Mastodon, Facebook na Instagram, kisha ikaiondoa haraka baada ya kelele za watumiaji. Na wale usiotaka kabisa kuwapoteza, usitegemee tangazo. Mwandikie kila mmoja, umpe anwani yako mpya, umwombe naye akupe namba yake ya simu au barua pepe.