Shoo ya Kambarage: Namna ya Kumfanya Shabiki Asimulie

Muulize mtu wa Shinyanga Fiesta ya uwanja wa Kambarage ilikuwaje. Atakwambia "ilikuwa noma", na mazungumzo yamekwisha. Mimi nakusanya masimulizi ya mashabiki wa Fiesta, zile shoo za wazi za redio ya Clouds, Shinyanga, Kahama hadi Geita, na siku hizi jukwaa siligusi kwanza. Nauliza: ulifikaje?

Hapo mtu anafunguka. Kijana wa Nyarugusu alinieleza gari la mchomoko lililojaa mpaka dereva akabaki na nusu kiti, vumbi, na fulana nyeupe aliyoibeba kwenye mfuko wa rambo akaja kuivaa getini. Raba aliingia nazo mbili, akatoka na moja, na hiyo moja anayo mpaka leo. Nani aliimba usiku ule? Akakuna kichwa.

Chagua na wakati wa kuuliza. Mchimbaji mdogo usimfuate mawe yake yakiwa kwenye karasha yanasagwa, maana akili yote iko kwenye gramu za dhahabu. Mkulima msubiri auze pamba.

Mwaka ndio mtihani. Watu hawaukumbuki, kwa hiyo uliza mambo yaliyopakana nao. Fulana ya kumbukumbu iliandikwa Serengeti au Tigo? Serengeti ilitangulia kudhamini. Geita ilikuwa mkoa tayari, yaani 2012 imeshafika, au mlikuwa bado Mwanza? Stand United ilikuwa imeshapanda Ligi Kuu? Hiyo ni 2014. Kwa majibu hayo utaubana mwaka kuliko kumlazimisha mtu akisie.

Kisha, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, wakalishe pamoja wanaobishana. Usukumani ubishi wa ngoma una mizizi. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Mtazamaji ndiye jaji, na kura yake ni miguu. Ndiyo maana mzee wa Kisukuma ukimsimulia shoo ya vijana hakuulizi kiingilio. Anauliza watu walikimbilia wapi. Mashabiki wa Kiba na wa Diamond nao ni hivyo hivyo. Waweke benchi moja, mmoja aseme wake ndiye aliyeinua uwanja, kisha wewe nyamaza. Watatajiana spika iliyokata, wimbo ulioimbwa kwa playback, baunsa aliyerusha maji, na kila mmoja atamsahihisha mwenzake bila wewe kuomba. Aliyekaa VIP msikilize, ila usimtegemee. Wengi wao walikuwa wanaangalia meza zao.

Mwisho, omba simu ya zamani. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozifungia simu feki Juni 2016, zilikosa mtandao tu. Picha na video zilibaki humo, na simu zenyewe ziko makabatini. Nenda na chaja ya pini nyembamba na kifaa cha kusomea memori kadi. Mwenyewe atakwambia video haina kitu, ni giza tupu. Inakili hivyo hivyo. Sauti imo, na mara nyingi MC anautaja mji na mwaka kabla watu hawajaitikia.